Ardhi nyeupe si magadi: shajara ya mradi wa malisho, Manyoni

Kikundi chetu cha wafugaji kimepewa na kijiji kipande cha malisho ukingoni mwa mbuga (bonde tambarare la mfinyanzi mweusi), kusini mwa reli ya kati, upande wa Manyoni kuelekea Itigi. Katikati ya kipande hicho kuna ardhi nyeupe isiyoota miti. Kikundi kinataka kupanda majani hapo, na kijiji kinataka kuchimba lambo hapohapo kwa kuwa ni bondeni. Kazi niliyopewa ni kujua udongo ule ni kitu gani kabla hatujatia fedha. Nimesomea mifugo, si udongo, kwa hiyo vipimo vingi ni vya mkononi, na vya maabara ni vichache tulivyoweza kulipia. Naongeza maandishi kila hatua inapokwisha. Bei zote ni za siku ya kununua.

14 Julai 2023: magadi, chokaa au jasi?

Kijiji kizima kinasema pale ni magadi. Asiyekubali ni mmoja tu, mzee tunayemwita Mzee Balozi, Mgogo aliyechunga eneo hili tangu ujana wake. "Mwanangu, ng'ombe wangu wanavuka hapo hawainamishi hata shingo. Magadi wanayalamba kule chini penye miti ya miswaki. Hapa hawalambi kitu." Nilionja. Pale chini ulimi unawaka, pale peupe hakuna ladha yoyote.

Itigi inajulikana kwa jasi, yaani jipsamu, na malori huipakia kupeleka viwanda vya saruji, kwa hiyo dhana ya kwanza ilikuwa jasi. Lakini weupe wa udongo unaweza kuwa chokaa vilevile, na chokaa hutambuliwa kwa tindikali: ukidondoshea, inatoa povu. Jasi haitoi.

Kipimo hiki kilikwama mwanzoni kwa sababu ya tindikali yenyewe. Kijana mmoja alileta tindikali ya betri. Tuliidondoshea kwenye vibonge vya chokaa halisi kutoka upande wa juu ili tuone povu linavyotakiwa kuwa. Lilitoka kidogo likakata, na wengine wakasema basi hata hiyo si chokaa. Sababu ni kwamba tindikali ya betri ni ya salfa. Ikigusa chokaa inatengeneza jasi juu ya kibonge, na ganda hilo la jasi linazuia tindikali isiendelee kula. Tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa haina tatizo hilo. Ukikosa, saga kibonge kiwe unga, kamulia limau, sogeza sikio. Chokaa utaisikia ikichemka. Udongo mweupe ulikaa kimya.

Kipimo kilichowashawishi watu hakikuwa hicho, kilikuwa cha jikoni. Tulichukua vipande vinavyong'aa kama kioo tulivyookota kwenye mashimo ya zamani ya wachimbaji (ukucha unavikwaruza bila shida, na hiyo ni alama nyingine ya jasi), tukavitwanga, tukaweka unga kwenye kikaango juu ya mkaa wa wastani. Baada ya muda unga mkavu ulianza kutokota. Huo ni mvuke: ndani ya fuwele za jasi kuna maji, karibu sehemu 21 kwa mia ya uzito wake, na zikipashwa hadi nyuzi 150 hivi sehemu kubwa ya maji hayo hutoka. Unga uliopoa ukichanganywa na maji kidogo unaganda kuwa kigae. Ni plasta ileile ya dari za jipsamu mjini. Mzee Balozi aliondoka na kigae chake mfukoni.

Gharama: mkaa na malimau. Tindikali tulipewa bure na mwalimu wa sayansi.

6 Agosti 2023: kipimo cha chupa

Chupa ya maji ya nusu lita, udongo robo yake, maji ya mvua, tikisa kwa nguvu, weka mezani. Chupa ya ardhi nyeupe ilitulia ikawa safi kabla chai haijapoa. Chupa ya udongo wa kule penye miswaki ilibaki na rangi ya tope hadi kesho yake asubuhi.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo yote yanayofuata. Sodiamu ya magadi inazitenganisha chembe za mfinyanzi, kila moja inaelea peke yake, na udongo wa namna hiyo ukinyeshewa unaziba, maji yanatuama juu. Kalsiamu ya jasi inazikusanya chembe katika mabonge madogo yanayozama. Tulipotia kijiko cha unga wa jasi kwenye chupa iliyokataa kutulia na kuitikisa upya, nayo ilianza kusafika.

Tahadhari kwa atakayeiga: chupa peke yake haitoshi. Chumvi ya kawaida ikiwa nyingi nayo hutuliza tope. Chupa inakwambia "hapa hakuna shida ya magadi", haikwambii kama ni jasi au chumvi.

27 Agosti 2023: mashimo

Tulichimba kwa mstari kutoka kichuguu cha udongo mwekundu juu, kupitia ardhi nyeupe, hadi mbugani. Kuna waliouliza kwa nini tunapoteza nguvu kwenye mashimo badala ya kupanda. Niliwakumbusha Kongwa, mkoa jirani wa Dodoma: Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua, ardhi ikakauka ikawa ngumu hata ikawashinda kwa mashine zao, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Sisi hatuna hata trekta moja la kupoteza.

Jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio uleule kutoka mlimani hadi mbugani ni jambo lililopewa jina la katena na Geoffrey Milne, mtaalamu aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, miaka ya 1930, baada ya kuzunguka Afrika Mashariki. Kwetu mpangilio ulikuwa hivi. Juu ni udongo mwekundu wa kichanga, mzuri, mizizi inashuka. Ukishuka kidogo unakuta vibonge vya chokaa kwenye kina cha magoti. Halafu ardhi nyeupe: juu ukoko mwembamba wa rangi ya kijivu hadi nyeusi, chini yake udongo laini mkavu kama unga wa sembe, na kwenye kina cha mita moja kasoro, tabaka gumu lililohitaji mtaimbo. Mwishoni ni mfinyanzi mweusi wa mbuga, wenye nyufa, na mabaka ya magadi.

Mpangilio huo una sababu yake. Mvua ya huku ni milimita 500 hadi 700 kwa mwaka, yote kati ya Novemba na Aprili, na jua linaweza kukausha maji mengi kuliko hayo mara kadhaa. Mbuga haina mto wa kutokea. Maji yanayoteremka yamebeba madini yaliyoyeyuka, na kadiri yanavyokauka kila kitu kinaganda kwa zamu yake: chokaa kwanza kwa kuwa haiyeyuki sana, jasi baadaye, chumvi na magadi mwisho kabisa. Kwa hiyo ukikuta chokaa juu na magadi chini, tafuta jasi katikati.

Kufuatilia mwanzo wa jasi ndani ya shimo tulitumia asetoni. Koroga udongo kwenye maji ya mvua, acha utulie, chuja, mimina asetoni kiasi sawa na maji hayo. Kama kuna jasi, maji yanageuka maziwa. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha tuliyonunua dukani haikufaa: ina mafuta, rangi na maji, na ilichafua hata chupa isiyo na jasi. Ilibidi kuagiza asetoni halisi Dodoma mjini. Ni kitu kinachowaka haraka, msiitumie karibu na sigara.

Gharama: Sh 20,000 kwa kila shimo la mita moja na nusu, shimo la tabaka gumu Sh 30,000 baada ya kubishana. Asetoni lita moja Sh 35,000 pamoja na nauli ya kifurushi.

22 Septemba 2023: ni jasi kiasi gani?

Kujua ipo si kazi. Kazi ni kujua kiasi, maana jasi kidogo ni rafiki wa mmea. Chini ya sehemu 2 kwa mia inasaidia, kuelekea 25 mimea mingi bado inavumilia kama jasi ni ya unga na si jabali, zaidi ya hapo mavuno yanashuka. Hizo ni namba zinazotumika sana kwenye vitabu vya udongo.

Tulinunua kipima-chumvi cha mkononi, kile chenye umbo la kalamu kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kwa kipimo cha kawaida, sehemu moja ya udongo kwa kumi za maji, kila sampuli ya ardhi nyeupe ilisoma 2.2 (milisimensi kwa sentimita) au karibu yake: ya pembeni 2.2, ya katikati 2.2, ya kina cha mita moja nayo 2.2. Vijana walidhani kalamu imekufa.

Kalamu ilikuwa nzima. Jasi haiyeyuki zaidi ya gramu 2.5 hivi katika lita ya maji. Ikifika hapo imegota, na maji yaliyoshiba jasi husoma karibu 2.2 tu, hata ukitia kilo nzima. Kwa kipimo hicho, udongo wenye jasi 3 kwa mia na wenye 40 kwa mia unafanana.

Suluhisho ni kupunguza udongo hadi kalamu ianze kushuka. Gramu 100 katika lita zikisoma 2.2, jasi inazidi 2.5 kwa mia. Gramu 20 katika lita bado 2.2? Basi inazidi 12.5. Gramu 10 bado 2.2? Inazidi 25. Sampuli za katikati zilikaa 2.2 kwa gramu 10, zikashuka hadi 1.9 kwa gramu 5. Maana yake ni kama gramu 2 za jasi ndani ya gramu 5 za udongo, yaani 40 kwa mia hivi. Za pembeni zilishuka mapema, chini ya 12.5. Udongo wa magadi ulikuwa na tabia nyingine kabisa: ulianza juu, 3.8, na kila tulipouzimua ulishuka karibu kwa uwiano uleule. Chumvi inayeyuka yote mara moja. Jasi inakaa chini ikisubiri maji zaidi.

Mambo matatu yalitusumbua. Jasi inayeyuka polepole, usomaji wa papo hapo ni bure. Tikisa, lala nayo, tikisa tena, ndipo upime. Pili, maji ya kisima chetu yenyewe yana chumvi, tumia ya mvua au maji safi ya kuongezea betri. Ukienda dukani fafanua, maana ukisema "maji ya betri" tu unaweza kupewa tindikali. Tatu, mizani ya duka haioni gramu 5. Tuliazima mizani midogo ya wanunuzi wa dhahabu, na hapo tatizo likaisha.

Gharama: kalamu Sh 48,000, maji Sh 1,500 kwa lita. Mizani ya kuazima, soda mbili.

13 Oktoba 2023: oveni na majibu ya maabara

Tulipeleka sampuli chache maabara kwa ajili ya pH, virutubisho, sodiamu, unyevu na aina ya chembe. Mengine yalirudi vizuri: pH ya ardhi nyeupe 7.8, fosforasi haba mno, potasiamu haba. pH ya mabaka ya magadi ilizidi 9. Mawili yalirudi ya ajabu.

La kwanza ni unyevu. Karatasi ilisema ardhi nyeupe ina maji asilimia 8, Oktoba, miezi mitano bila tone. Udongo mwekundu wa jirani ulikuwa na 1. Mwenyekiti wa kikundi alifurahi, akasema kumbe pale pana maji tupande tu. Hayakuwa maji ya mmea. Sampuli zilikaushwa kwa nyuzi 105 kama kawaida ya maabara, na joto hilo linafukuza maji yaliyo ndani ya fuwele za jasi, ambayo mzizi hauwezi kuyanywa. Tulirudia wenyewe kwa oveni ya shule: kwanza nyuzi 50 hadi uzito uache kushuka, ukapungua chini ya 1 kwa mia. Halafu 105 usiku kucha, ukapungua tena karibu 7.

Kipimo hicho kibovu kiligeuka kuwa kizuri. Jasi ikipita kutoka nyuzi 50 hadi 105 inapoteza karibu sehemu 15 hadi 20 kwa mia ya uzito wake. Kama udongo umepoteza 7, jasi iko kati ya 35 na 47 kwa mia, na kalamu ilikuwa imesema 40. Njia mbili zisizohusiana zikikubaliana, naziamini. Kwa jasi kidogo sana njia ya oveni haifai, mfinyanzi nao huachia maji yake na kuchafua hesabu.

La pili ni aina ya chembe. Kwa haidromita, kifaa kinachoelea kupima chembe ambazo bado hazijazama majini, ardhi nyeupe ilionekana haina mfinyanzi kabisa, mchanga na vumbi tupu. Ni hadithi ya chupa tena: jasi inauvuta mfinyanzi pamoja na kuuzamisha, hata dawa ya kutenganisha chembe inashindwa, na haidromita inasoma mabonge ikidhani ni mchanga. Kuiosha jasi kwanza kunawezekana kwenye karatasi. Gramu 50 za udongo wenye jasi 40 kwa mia zinataka lita 8 za maji safi, kisha kukausha upya. Tuliachana nayo. Swali letu lilikuwa malisho na lambo, na kwa maswali hayo asilimia ya mfinyanzi haikuwa na kazi.

Ushauri: ukipeleka udongo wa jasi maabara, waambie mapema kwa maandishi kwamba una jasi, na uombe ukaushwe kwa joto la chini. Hawana njia ya kujua kutoka kwenye mfuko wa nailoni.

Gharama: Sh 65,000 kwa sampuli. Ndiyo fedha kubwa kuliko zote hadi sasa, na nusu yake ilinunua namba za kutupwa.

18 Novemba 2023: lambo na birika

Mkutano wa kijiji. Nilisimama kupinga lambo kwenye ardhi nyeupe, na haikuwa rahisi kwa sababu mashimo ya wachimbaji pale hushika maji wiki kadhaa baada ya mvua. Watu wameyaona kwa macho.

Hesabu niliyowapa ni hii. Mita ya ujazo moja ya maji inaweza kuondoka na kilo mbili na nusu za jasi. Lambo likivuja mita za ujazo kumi tu kwa siku, linabeba kilo 25. Kwa mwaka ni tani 9, nafasi ya zaidi ya mita tatu za ujazo iliyobaki tupu chini ya tuta. Na mvujo unapopanua njia yake, kesho unavuja zaidi ya leo.

Kisha maji yenyewe. Maji yaliyoshiba jasi yana salfeti karibu miligramu 1,400 kwa lita, na ukomo unaotajwa sana kwa maji ya ng'ombe ni 1,000. Hayaui papo hapo. Yanaharisha, hasa ndama na ng'ombe wageni, na salfa nyingi inazuia shaba isifyonzwe mwilini, mnyama anapauka manyoya na kudhoofu bila ugonjwa unaoonekana. Hapo akina mama wawili waliinuka kueleza kuhusu ndama wao wanaonyweshwa kwenye mashimo yale. Sikuwa na haja ya kuongea tena.

Kijiji kilikubali kutafuta sehemu nyingine, upande wa juu, kwenye mfinyanzi mwekundu usiobadilika kwa asetoni.

Birika la kunyweshea ni suala jingine. Lilijengwa mwaka jana pembeni ya ardhi nyeupe, na limeshapasuka, kingo zinamomonyoka kama biskuti iliyolowa. Fundi alikataa lawama. "Bwana Mifugo, hata saruji yenyewe ina jasi ndani, inatoka hapahapa Itigi!" Na ni kweli, kiwandani hutia jasi kidogo, karibu sehemu 5 kwa mia, ili saruji isigande haraka mno fundi akiwa bado anaikoroga. Hiyo jasi inamaliza kazi yake zege likiwa bado bichi. Inayokuja kutoka ardhini baada ya zege kukauka inakuta sehemu za saruji zenye alumini, inaungana nazo kutengeneza fuwele zinazovimba, na zege linapasuliwa kutoka ndani. Zaidi ya hapo mchanga wa birika ulichotwa hapohapo.

Birika jipya: mchanga wa korongo la upande mwekundu, kitako juu ya nailoni nzito na kokoto ili lisinyonye unyevu, zege zito lisilo na maji mengi. Saruji inayostahimili salfeti ndiyo inayotakiwa, hatukuipata Manyoni. Sh 310,000 pamoja na fundi.

9 Januari 2024: mvua ya Elnino

Mvua zilikuja mapema na kwa nguvu, na mradi umejibu maswali mengi kwa mkupuo. Shimo moja la zamani la wachimbaji, lile lililoshika maji miaka yote, lilikauka katika siku chache. Chini yake kumefunguka tundu la kuingiza mkono hadi bega. Walionibishia Novemba wamekwenda kulitazama kwa makundi. Tumeliwekea miiba, ndama asitumbukie.

Majani: tulipanda majani ya malisho aina ya Cenchrus ciliaris kwenye vipande vya ardhi nyeupe ya katikati, pembeni yake, na udongo mwekundu. Mbegu zake zina manyoya, haziangukii vizuri mkononi, tulizichanganya na mchanga. Katikati tulilima nusu kwa jembe na nusu tukaacha na ukoko wake.

Kwenye nusu iliyolimwa zilichipua upesi kuliko pengine pote. Kisha zikaja siku kadhaa za jua, uso ukaganda kibamba kigumu, miche iliyokuwa bado chini ikajikunja bila kutoboa, iliyotoka ikawa ya njano na kufa. Kwenye nusu yenye ukoko mbegu nyingi hazikushika, lakini nyasi fupi za pale za jamii ya Sporobolus zimeota zenyewe. Ukoko ule ni kitu hai, mchanganyiko wa viumbe vidogo na kuvu-mwani vinavyoshikilia vumbi. Kwato zikiuvunja kiangazi, upepo wa Septemba unabeba jasi hadi majumbani.

Pembeni, jasi ikiwa chini ya 12.5, tulitumia mashimo madogo yale yaliyobuniwa kijiji cha Chololo hapo Dodoma, kina cha sentimita 30, yakiwa na samadi. Yamependeza. Samadi ilikuwa ya lazima, maana kalsiamu nyingi inaifunga fosforasi kidogo iliyopo. Katikati mashimo hayohayo yenye samadi ileile hayakusaidia kitu.

Gharama: mbegu Sh 25,000 kwa kilo, samadi yetu, vibarua Sh 7,000 kwa siku.

3 Machi 2024: jasi juu ya magadi

Kijiko cha jasi kwenye chupa ya magadi kilizua hamu ya kujaribu shambani. Maabara ilitupa sodiamu ya kuondolewa: vizio 4 kwa kilo ya udongo kwa kipimo chao. Kila kizio kinataka tani 1.8 za jasi kwa hekta kwa kina cha sentimita 15, kwa hiyo vizio 4 ni tani 7.2 kwa hekta, au kilo 72 kwa kipande cha mita 10 kwa 10.

Kipande cha kwanza kilitiwa kilo 72 za udongo mweupe Desemba na hakikubadilika, maji yaliendelea kutuama. Udongo wetu ni jasi 40 kwa mia, si jasi tupu. Kilo 72 za jasi ni kilo 180 za udongo huo. Kipande cha pili kilipewa kilo 180 zilizopondwa na kuchanganywa kwa jembe, kikazungushiwa tuta ili mvua ikae na kusukuma sodiamu chini. Baada ya mvua za Februari maji yanazama humo, na jirani yake bado ni dimbwi.

Kwa malisho yote haiwezekani. Tani 18 za udongo kwa hekta, kwa punda? Inafaa kwa bustani ya mbegu au kiwanja cha zizi. Na anayewaza biashara akumbuke jasi ni madini, kuchimba kwa kuuza kunataka leseni.

15 Juni 2024: eneo limefungwa

Uamuzi wa kikundi: katikati hapalimwi, hapapandwi. Njia ya ng'ombe kwenda birikani imezungushwa ipite udongo mwekundu, ni mwendo wa ziada lakini ukoko umepona. Pembeni na juu tumefunga kwa matawi ya mgunga kwa mtindo wa ngitili, kama majirani zetu Wasukuma walivyotuelekeza: hakuna kuingiza mnyama tangu mvua inapoanza hadi inapokatika, kisha wanaanza ng'ombe wa maziwa, ndama na maksai. Faini ya kuvunja ni debe la mahindi, na mtu wa kwanza kulipa alikuwa mjumbe wa kamati.

Chumvi ya kulamba tunaendelea kununua. Kuna aliyependekeza ng'ombe wapewe unga wa jasi badala yake. Jasi ina kalsiamu na salfa, haina sodiamu, na sodiamu ndiyo wanayoitafuta kule penye miswaki.

Fedha hadi leo, bila nguvu zetu: vipimo vya mkononi na vifaa Sh 96,000, mashimo Sh 130,000, maabara Sh 325,000, birika Sh 310,000, mbegu na vibarua Sh 189,000. Ningeanza leo, ningechimba mashimo, ningetumia kalamu na kikaango, na maabara ningelipia pH, fosforasi na sodiamu tu.

Eneo jipya la lambo limeshapimwa kwa asetoni hadi mita tatu, maji yamebaki safi. Buldoza linasubiriwa kabla ya Oktoba.